Mashine inatoa mikrolita 5: kihisi gani kinaweza kuthibitisha?

Muuliza: Wakuu, naomba ushauri. Mashine inadondosha mikrolita 5 za sampuli kwenye sahani ya vishimo 96, kwa sirinji ya mililita 1 inayoendeshwa na mota ya hatua. Kihisi cha ultrasoniki kinachotazama kishimo kutoka juu kinatoa namba zinazorukaruka. Nitafute kikali zaidi, au nihamie kwenye uzito?

Mizani: Mkuu, usitafute kikali zaidi. Kishimo kina eneo la takriban milimita 32 za mraba, hivyo mikrolita 5 zinainua kina kwa milimita 0.16 tu. Na uso wa maji si bapa: unapanda ukutani na kubonyea katikati, na bonde hilo linaweza kuzidi hicho unachokitafuta. Tone likining'inia pembeni, halionekani kabisa.

Uzito ni wa kurekebishia mashine, si wa kukagua kila kishimo. ISO 8655-6, kiwango cha kimataifa cha kupima pipeti kwa uzito, inataka mizani inayosoma hadi mg 0.001 kwa ujazo huu. Kama unayo ya mg 0.1, dondosha maji safi mara 20 kwenye kichupa kimoja, zidisha miligramu kwa 1.0029 kupata mikrolita (maji yakiwa nyuzi 20 za Selsiasi), gawa kwa 20. Ukipata mg 97.2, kila tone ni wastani wa mikrolita 4.87. Angalia sana hapo: wastani unaficha tone la mikrolita 3 na la mikrolita 7 yakifuatana. Funika kichupa, kisha kiache chenye maji juu ya mizani kwa muda uleule bila kudondosha. Uzito uliopungua ni uvukizi, urudishe kwenye hesabu.

Muuliza: Nimekuelewa. Sasa kazi ikiendelea, nitajuaje ncha imevuta hewa badala ya sampuli?

Presha: Kihisi cha presha, kwenye hewa iliyo kati ya pistoni na ncha. Ncha ikivuta hewa, mchoro wa presha unabaki karibu bapa. Ikiziba, presha inashuka na hairudi hata pistoni ikisimama. Chagua chenye upeo mdogo wa kipimo: safu ya maji ya mm 10 ni paskali 98 tu, na kihisi cha kPa 100 chenye kosa la 0.25% kinapotoka paskali 250, yaani kinaimeza ishara yako yote. Cha kPa 1 kinafaa, ila hakikisha kinahimili presha ya ncha iliyoziba. Fupisha mrija pia. Hewa nyingi inalainisha mchoro.

Mizani: Hiyo sirinji nayo ibadilishe. Kwa mwendo wa mm 60, mikrolita 5 ni mm 0.3, na ulegevu wa skrubu unakula sehemu yake. Ya mikrolita 50 inakupa mm 6. Kabla ya kutoa, sogeza pistoni kidogo kuelekea upande uleule kila mara ili ulegevu uishe, lowesha ncha mara 3, na tone liguse ukuta wa kishimo. Likiachwa hewani linabaki limeng'ang'ania ncha.