Mtoto anakataa maziwa niliyokamua, naomba ushauri wa maziwa ya kopo

Rangi Tatu Alfajiri:
Habari za humu, wakubwa kwa wadogo. Nimerudi kazini, hii ni wiki ya pili. Mtoto ana miezi minne na nusu na alikuwa hajui kitu zaidi ya ziwa. Nakamua, namwachia dada wa kazi, anamnywesha kwa kikombe. Siku tatu za mwanzo alikunywa vizuri. Sasa anageuza uso, akibembelezwa anatema, na tangu juzi choo kimekuwa maji matupu, jana mara sita. Dada anasema maziwa yananuka. Nahisi yameharibikia humu humu ziwani kwa mawazo ya kazi. Natoka saa kumi na moja alfajiri, narudi saa kumi na mbili na nusu jioni. Swali langu ni moja tu: kopo gani linamfaa mtoto wa umri huu? Matusi sitaki.

Kibarua wa Posta:
Mtoto wa miezi minne unamwacha saa kumi na tatu na nusu, halafu unauliza kopo gani? Uliza kazi gani.

Mjomba Kisoda:
Na baba mtoto yuko wapi? Au naye ananyweshwa kwa kikombe? 😂

Mama Keki:
Pole mwaya. Mimi wa kwangu wa kwanza, tulikuwa Tabora wakati huo, mama mkwe akaja na kibuyu chake...

Nyungu Kavu:
Mama Keki, kibuyu kifungulie uzi wake. Hapa tunataka vipimo na saa.

Mkunga wa Zamu:
Mawazo hayaozeshi maziwa. Yanaweza kuyachelewesha kushuka, basi.

Harufu ni ya aina gani? Kama ni ya sabuni au ya shaba, hiyo ni lipase, kimeng'enya kilichomo kwenye maziwa yenyewe. Huvunja mafuta yakikaa kwenye baridi. Hayamdhuru mtoto, ila wengine huyakataa. Dawa yake ni kuyapasha mara tu baada ya kukamua, mpaka vipovu vidogo vitokee pembeni mwa sufuria. Yasichemke. Unaipua, unaizamisha sufuria kwenye maji baridi, ndipo unayagandisha. Yakishanuka hayarudi nyuma.

Kama harufu ni ya uchachu, kama mtindi, hayo yameoza na habari ni nyingine.

Choo nacho: anayenyonya tu hutoa choo laini cha njano chenye chembechembe, hata mara nyingi kwa siku. Maji matupu yaliyoanza ghafla ni kuhara. Sasa nieleze: tangu yanatoka ziwani mpaka yanafika mdomoni, yanakaa wapi, kwenye nini, saa ngapi?

Rangi Tatu Alfajiri:
Harufu sijui, nikirudi kikombe kimeshaoshwa. Maziwa nayaweka kwenye friji kama kila mtu. Naomba jina la kopo jamani.

Mkunga wa Zamu:
Friji ni usiku. Mchana je?

Rangi Tatu Alfajiri:
Yapo nyumbani.

Nyungu Kavu:
Nyumbani hata paka yupo. Kwenye chombo gani?

Rangi Tatu Alfajiri:
Haya. Friji ni ya mama mwenye nyumba, iko sebuleni kwake. Jioni na alfajiri naruhusiwa, mchana anafunga mlango anaenda dukani. Kwa hiyo alfajiri natoa ya jana, napasha, namimina kwenye chupa ya chai ya lita moja. Chupa naisuuza kwa maji ya moto kila siku. Dada anamimina kidogo kidogo mpaka jioni. Moto unaua vijidudu, hilo hata mtoto wa darasa la tatu analijua. Na msimlaumu dada, mimi ndiye niliyemwelekeza.

Mkunga wa Zamu:
Tumefika. Moto unaoua ni wa kuchemsha, na wewe hukuchemsha. Umeyapasha mpaka ya kunyweka, yaani karibu na joto la mwili, kisha ukayafungia kwenye chombo kilichotengenezwa kulinda joto hilo hilo kutwa nzima. Huko ndiko vijidudu wanakostarehe. Anayetia kijiko cha mtindi kwenye maziwa vuguvugu na kuyafunika hufanya hivyo hivyo, ila yeye anataka yagande.

Maziwa mapya ya mama, kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25, hukaa saa nne. Dar mchana inavuka 30, kwa hiyo hata hizo nne usizimalize. Kwenye friji ni siku nne. Yakishapashwa ni saa mbili tu. Ya kwako ikifika saa nne asubuhi yameshamaliza saa tano.

Halafu ukirudi leo, bandua ule mpira wa kifuniko cha chupa, pitisha kidole chini yake. Kusuuza hakufiki hapo.

Cha kufanya: chupa ya chai ibebe maji ya moto, maziwa yabaki baridi. Tafuta deli dogo lenye kifuniko kinachobana. Gandisha chupa mbili za maji za nusu lita. Maziwa ugawe kwenye vikopo vya mililita 60 hadi 80, kila kimoja mlo mmoja, vikiwa vimegusana na barafu. Hivyo hukaa mpaka saa 24, mradi barafu haijayeyuka. Dada anatoa kimoja, anakisimamisha kwenye bakuli la maji ya moto dakika chache, anakizungusha polepole ili mafuta yaliyopanda juu yarudi, anadondosha tone mkononi, ananywesha. Kilichobaki kikipita saa mbili, kimwagwe. Kisirudi kwenye deli.

Hesabu Kali:
Kabla hamjanunua deli, hii ni chai. Likizo ya uzazi ni siku 84. Unga na ya mwaka, siku 28, unapata 112. Weka wiki mbili za kazini, 126. Mtoto wa miezi minne na nusu ana kama siku 136. Siku kumi umezitoa wapi? Mwajiri gani wa kugawa siku kama peremende?

Kibarua wa Posta:
Mimi tangu "matusi sitaki" nilishanusa.

Mjomba Kisoda:
Chai iko kwenye chupa ya chai, kwani mlitaka iwe wapi? 😂

Rangi Tatu Alfajiri:
Siku 84 ni za mtoto mmoja. Waliozaliwa zaidi ya mmoja ni siku 100. Nina mapacha. Niliandika "mtoto" kwa sababu anayeumwa ni Kulwa, Doto hana shida yoyote, na nilijua nikisema mapacha mtaanza kunihesabia. Naona mmehesabu.

Na kopo nimeshanunua. Tangu juzi natia vijiko viwili humo humo kwenye chupa ya chai ili yatoshe wote. Sikuona sababu ya kulisema.

Hesabu Kali:
100 na 28 ni 128, na siku nane za kazini. Imekaa. Samahani, mama Kulwa.

Mkunga wa Zamu:
Doto anakunywa wa kwanza, sivyo?

Rangi Tatu Alfajiri:
Ndiyo, anaamka saa kumi na mbili. Kulwa analala mpaka saa nne. Ala!

Mkunga wa Zamu:
Basi Doto anapata maziwa yaliyokaa saa moja, Kulwa anapata yaliyokaa saa tano, yamechanganywa na unga ambao nao ukishakorogwa hauvuki saa mbili.

Kununua kopo si kosa. Kadiria mililita 30 kwa kila saa usiyokuwepo: 400 kila mmoja, 800 wote. Unakamua ngapi?

Rangi Tatu Alfajiri:
500, siku nzuri.

Mkunga wa Zamu:
Pengo ni 300. Ofisini kamua kila baada ya saa tatu, dakika 15 hadi 20; pengo likipungua, vizuri. Litakalobaki lijaze kwa kopo, lakini mlo mmoja mmoja, kwenye kikombe chake. Maji yachemshwe wakati huo huo, unga uingie yakiwa bado nyuzi 70 au zaidi, yaani kabla ya nusu saa tangu yaipuliwe, kwa sababu unga wenyewe unaweza kuwa na vijidudu. Ya chupa ya chai ya tangu alfajiri hayafai hapo, yamepoa. Vijiko ni vya kopo hilo hilo, visawazishwe kwa kisu, visipunguzwe ili lidumu. Kisha kikombe kipozwe kwenye maji baridi.

Kulwa leo apelekwe kituo cha afya, usisubiri Jumamosi. Mnyonyeshe kila anapotaka. Watakupa ORS, ile ya kurudisha maji mwilini, na zinki; chini ya miezi sita zinki ni miligramu 10 kwa siku, nusu ya kile kidonge cha 20, siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma. Macho yakizama, akishindwa kunyonya, akiwa na homa au damu kwenye choo, ni dharura hata usiku wa manane.

Hesabu Kali:
Nilipe deni langu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 33, inakupa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Jina lako linasema Rangi Tatu, yaani Mbagala, na huko huwezi kwenda na kurudi, kwa hiyo omba kwa barua uzitumie mwisho wa siku, utoke mapema. Ukitoka kabla foleni haijafunga unaokoa zaidi ya hizo mbili.

Kibarua wa Posta:
Barua! Kazi yenyewe...

Nyungu Kavu:
Kibarua, pumzika.

Rangi Tatu Alfajiri:
Nimeomba ruhusa, tumetoka kituo cha afya, tumepewa ORS na zinki kama alivyosema Mkunga. Nimebandua mpira. Kuna utando mweupe umezunguka pande zote, unateleza, na harufu ni ya mtindi. Dada kaangalia, akaniangalia, hakusema kitu.

Deli la lita tano Kariakoo shilingi ngapi?

Mjomba Kisoda:
Bei sijui. Ila hiyo chupa usije ukanikaribishia chai.