Mjadala: Uso wa marehemu ni mali ya nani?

Wadau, wapo wanaoshikilia kwamba kuchukua sura ya marehemu kwa plasta, yaani kumwagia usoni jasi laini ikauke na kubaki na umbo lake, ni heshima kuliko kumchora, kwa kuwa mchoraji hupamba, plasta haidanganyi. Mimi napinga, na nitafurahi kujibiwa kwa hoja.

Kwanza kazi yenyewe. Uso hupakwa mafuta, hasa nyusi na kope, maana nywele zikinasa zitang'oka. Uzi hulazwa toka kwenye paji, ukapita juu ya pua hadi kidevuni, ndipo plasta imwagwe juu yake. Ikianza kushika, kabla haijakauka, uzi huvutwa ukaikata vipande viwili ili itoke salama. Inahitaji mkono mpole sana. Fundi sina ugomvi naye.

Ila huo ukweli unaosifiwa, mtazameni Beethoven, yule mtunzi wa muziki wa Kijerumani. Mwaka 1812, akiwa hai, mchongaji Franz Klein alichukua sura yake: midomo imebanwa, kidevu kimekaza, unamwona mtu mbishi asiyeyumbishwa. Mwaka 1827 akafa, na mchoraji Josef Danhauser akachukua nyingine, madaktari wakiwa wameshampasua na kuondoa mifupa ya kando ya kichwa. Mashavu yamebonyea, uso umelegea wote. Kila mkunjo ni sahihi, lakini kinachoonekana pale ni maradhi na kisu. Kama ingebaki hiyo ya pili peke yake, tungekuwa tunamkumbuka nani?

Kinachoniuma zaidi ni ridhaa. Ned Kelly, jambazi maarufu wa Australia, alinyongwa Melbourne mwaka 1880. Walimnyoa nywele na ndevu, wakachukua sura ya kichwa chake kwa plasta, nayo ikawekwa hadharani watu waitazame. Enzi hizo walikuwapo waliodai kwamba umbo la fuvu linafichua tabia ya mhalifu, na vichwa vya walionyongwa ndivyo walivyovitaka. Siku ile mama yake alikuwa mfungwa katika gereza lilelile. Kuna aliyemuuliza yeye? Tusiite huo ukumbusho.

Najua mtaniuliza kuhusu wafiwa. Mzazi akiomba uso wa mwanawe ubaki chumbani mwake, auguse kwa vidole usiku usingizi ukikataa, hilo ni lake na simuingilii hata kidogo. Ugomvi wangu ni na kabati la kioo kwenye makumbusho. Anayelitetea aanzie hapa: marehemu alikubali lini, na kama hakukubali, nani alimkubalia?