Tupeane uzoefu: albamu za roki na pop mnazipa alama ngapi, na kwa kipimo gani?

Mla Urojo (Michenzani):
Assalaam alaykum jamani. Wengi wetu hapa Unguja tumelelewa na taarab, lakini tuna maradhi ya pembeni, nayo ni albamu za Wazungu. Mie nina daftari. Albamu nikiisikiliza yote, naiandikia alama, moja hadi kumi. Sharti ni moja tu: kila wimbo unaonishawishi niuruke unakata alama. Wimbo mmoja mtamu hauokoi albamu.

Thriller ya Michael Jackson (1982) ina 9. Nyimbo ni tisa tu, na iliyoniudhi ni ile aloimba na Paul McCartney, wakigombea mwanamke kwa upole kama wanagombea kulipa chai.

Rumours ya Fleetwood Mac (1977) ina 10. Wakati wanairikodi, Lindsey Buckingham na Stevie Nicks wameshaachana, na ndoa ya John na Christine McVie imevunjika, lakini wote wamo bendi moja, studio moja. Lindsey kaandika "Go Your Own Way" kumpasha Stevie, na Stevie mwenyewe yumo humo anamwitikia. Hiyo si mipasho ni nini?

Sasa najua nitarushiwa mawe: A Night at the Opera ya Queen (1975) nimeipa 8. Ndiyo, Freddie Mercury, mwimbaji wao, ni Farrokh Bulsara, kazaliwa hapa hapa mwaka 1946. Unyumbani haumo kwenye daftari. Haya, leteni zenu.

Bint Shangani:
Kaka, 8? Mie kazi yangu kutembeza wageni Mji Mkongwe, na kila kundi lazima atokee mmoja anayeuliza nyumba ya Freddie kabla hajauliza choo. Ukimuuliza albamu gani anaipenda, anakutajia "Bohemian Rhapsody" basi. Wimbo wa karibu dakika sita usio na kiitikio cha kurudiwa, sawa, ni maajabu. Lakini humo humo kwenye albamu "The Prophet's Song" inapita dakika nane na sijawahi kuiruka. Na kwenye "Love of My Life" kile kinubi kakipiga Brian May, mpiga gitaa. Kwangu 10, na hata Freddie angezaliwa Norway ingekuwa 10.

Mtu wa Wete:
Nyie watu wa mjini mna yenu. Sie huku Pemba ami yetu alirudi kutoka Uarabuni na redio kaseti na kanda moja ya Queen, Jazz (1978). Wimbo wa kwanza ni "Mustapha", Freddie anaanza peke yake kwa sauti ya juu, kama mtu anaadhini. Bibi akatoka jikoni na mwiko mkononi: "Nani huyo anayesoma vibaya hivyo?" Ami akanyamaza. Wimbo wa pili ndio ule wa wanawake wenye makalio makubwa, na huo aliupunguza sauti kila bibi akisogea, ingawa bibi Kizungu hakijui hata chembe.
Naipa 6. Jina lasema Jazz, jazz yenyewe sijaiona.

Fundi Fidla:
Mla Urojo, kipimo chako cha kuruka kina kasoro. The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd (1973) utairuka wapi? Nyimbo zimeshikana, moja inamwagikia nyengine, inaanza kwa mapigo ya moyo na inamalizikia hapo hapo.
Mie niliijua vizuri umeme ulipokatika Unguja, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Usiku hakuna televisheni, hakuna feni, mtaa mzima kimya isipokuwa majenereta ya wenye nazo. Nina redio ya betri, na betri ni ghali, kwa hivyo huwezi kuchezea mkanda mbele na nyuma. Unaweka, unasikiliza mpaka mwisho. Kwenye "The Great Gig in the Sky" yule mwanamke, Clare Torry, anaimba bila ya neno hata moja. Aliyezoea kusikia mwimbaji wa taarab akivuta "ya leli" kabla ya shairi hashtuki, anajua hapo ndipo sauti inapopimwa. 10, na mie si mtu wa kutoa kumi ovyo.

Mama Mbili:
Boney M, Nightflight to Venus, 1978. Kumi. Harusi zote za ujana wangu. Sina maelezo.

Kijana wa Mkoani:
Samahani wakubwa zangu, kwani bado watu wanasikiliza albamu nzima? Mie kwenye simu nachanganya tu. Nzima niliyoimaliza ni 21 ya Adele (2011), tena kwa sababu bando liliisha na ndiyo iliyokuwemo kwenye kadi. 8. Ingekuwa 9, ila huzuni imezidi kwa mtu ambaye hajaachwa.

Mla Urojo:
Fundi Fidla, hapo umenibana. Albamu isiyorukika nitaifungulia ukurasa wake.

Mtu wa Wete:
Na Hot Space (1982), Queen walipoingia disko?

Mla Urojo:
4. Zote nne za "Under Pressure", ile na David Bowie.

Bint Shangani:
Si umesema wimbo mmoja hauokoi albamu?

Mla Urojo:
Basi 3.