Sokwe mwenye mkia ukutani: watoto wetu wa Kigoma wanadharauliwa

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Katika ukumbi wa kusubiria kliniki ya watoto, hapa Kigoma mjini, ukuta mzima umechorwa upya kwa michango yetu wazazi, na tulielezwa kwamba watoto wangeonyeshwa mazingira ya kwao ili watulie wakisubiri chanjo. Jumatano nimeuona mchoro wenyewe. Sokwe wa Hifadhi ya Gombe amechorwa na mkia! Ni mkia mrefu wa kahawia, umejiviringisha kwenye tawi, nywele zake zimepakwa mojamoja kwa uangalifu mkubwa, ilhali mtu yeyote pale mwalo wa Kibirizi, zinakoondokea boti za kwenda hifadhini, angemwambia mchoraji bure kwamba sokwe hana mkia.

Chini yake kuna ziwa, na ziwani anaogelea nyangumi. Tanganyika ni ziwa la maji baridi, la pili kwa kina duniani, takribani mita 1,470, lenye mamia ya aina za samaki ambao wengi wao hawapatikani kwingine kokote; lakini ukutani mgebuka hayumo, kuhe hayumo, wala dagaa hayumo, dagaa huyu anayetulipia ada za shule. Minazi waliyoiweka ufukweni badala ya michikichi naiacha, maana mkia peke yake unatosha.

Binti yangu mkubwa, mwenye miaka 6, alikuwa amenisindikiza na mdogo wake. Akauliza, "Mama, huyu si nyani?" Nikamwambia ni kweli, anafanana na nyani. Akanionyesha kwa kidole neno SOKWE lililoandikwa chini kwa herufi kubwa, akalisoma silabi kwa silabi, kisha akayaamini maandishi kuliko mimi.

Nilipomwendea mhusika kwa heshima zote, alinijibu, "Mama, hayo ni mapambo tu, watoto hawajui." Jibu hilo limeniuma kuliko mkia. Tangu mwaka 1960, Jane Goodall alipoanza kuwafuatilia sokwe wa Gombe, watu wamekuwa wakisafiri kutoka mbali kuja kujifunza habari zao huku kwetu, na leo mtoto aliyezaliwa Kigoma anafundishwa uongo juu ya mnyama huyo huyo, kwa fedha ya mzazi wake, kisha anaambiwa hajui.

Ninachodai ni kwamba mchoraji aitwe, afute mkia, amwondoe nyangumi, na kabla ya kushika brashi aende mwaloni alfajiri, mitumbwi inaporudi, amtazame mgebuka akiwa mbichi. Wasituchangishe tena. Makopo mawili ya rangi yamebaki nyuma ya mlango wa ukumbi, nimeyaona kwa macho yangu, na Jumatano ijayo tuna kliniki tena.