Amplifaya ya Stax SR-007: SRM-353X, SRM-T1 ya kurekebishwa, au boksi la transfoma?

Mteja_Ngara
Wadau, hedifoni ni Stax SR-007 Mk2 za umeme tuli (zinahitaji amplifaya ya volti kubwa), tayari zipo. Amplifaya ndiyo haijaamuliwa. Nalinganisha njia tatu: SRM-353X mpya, SRM-T1 ya valvu iliyotumika Japani ambayo bei yake ni nafuu zaidi lakini inakula volti 100, au boksi la transfoma kama SRD-7 Pro likiunganishwa na amplifaya ya spika iliyopo nyumbani. Muziki ni taarab na benga, sauti ya wastani. Niambieni pa kuweka pesa, na T1 ikinunuliwa, ibadilishwe nini ndani?

Omu_na_Volti
Usidanganyike na volti zilizoandikwa kwenye karatasi. 353X inatoa hadi volti 400, T1 inatoa 300. Tofauti hiyo ni desibeli 2.5 tu, na SR-007 inafika desibeli 100 kwa volti 100. Angalia mkondo. Hedifoni hizi ni kama kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji) ya pikofaradi 94 pamoja na waya wake. Kwa kilohezi 1 upinzani wake ni karibu megaomu 1.7, lakini kwa kilohezi 20 unashuka hadi kilo-omu 85.

Sasa tazama hatua ya mwisho ya amplifaya yenye rezista kwenye anodi (ncha ya valvu inayotoa mawimbi). Chukulia laini, yaani volti ya ndani inayolisha valvu, ya volti 330 na rezista ya kilo-omu 66: valvu inapumzika kwa miliampea 5. Rezista ile ni mzigo kama hedifoni zilivyo mzigo. Kwa kilohezi 1 inakula zaidi ya mara 12 ya mkondo unaofika masikioni. Ukidai volti 300 kwa kilohezi 20, kilele cha rezista ni miliampea 3.2 na cha hedifoni ni 5. Kwa kuwa vilele hivyo haviji kwa wakati mmoja, jumla yake ni karibu 5.9, nawe unazo 5 tu. Mawimbi yanakatwa. Weka chanzo cha mkondo thabiti (sakiti inayopitisha mkondo ule ule daima) mahali pa rezista, zile 5 zote zinakwenda kwenye hedifoni.

Kwa hiyo kura yangu: T1, ibadilishwe rezista za anodi.

Reli_ya_Syokimau
Hesabu ni sahihi, ila nani anasikiliza volti 300 kwa kilohezi 20? Desibeli 90 kwa SR-007 ni volti 32 hivi. Nguvu ya muziki huko juu ni ndogo sana, taarab ikiwemo. Amplifaya haikatiki hapo hata kidogo. Faida ya chanzo cha mkondo kwa msikilizaji wa wastani ni kwamba valvu inaona mzigo mwepesi, upotoshaji unapungua. Hiyo ni faida ya kweli, lakini si sababu ya mtu asiyewahi kugusa volti 600 kufungua kifuniko. Kati ya laini chanya na laini hasi ndani ya T1 kuna zaidi ya volti 600.

Asiye fundi achukue 353X, tena ya soko linalotumia volti 230 au 240, si ya Japani.

Mteja_Ngara
Fundi ninaye, amezoea amplifaya za gitaa za valvu. Hiyo volti 100 je? Kwenye maduka ya Luthuli, Nairobi, naona transfoma za 240 kwenda 110 tu.

Dada_wa_Koili
Hapo ndipo wengi wanaharibu, kwa sababu 110 inaonekana iko karibu na 100. Ni asilimia 10 zaidi, na kila kitu ndani kinapanda hivyo hivyo: hita za valvu kutoka volti 6.3 hadi 6.9, laini kubwa nazo pia. Valvu inachakaa mapema, na kapasita za zamani zilizokuwa karibu na kikomo chake zinavimba.

Kwanza fungua uangalie karibu na transfoma. Baadhi ya Stax za zamani zina vipande vya kuchagua volti, hivyo zinabadilishwa kwenda 240 bila transfoma ya nje. Zifuatwe alama zilizo kwenye bodi.

Kama havipo, nunua transfoma ya 110 yenye angalau VA 100, kisha tafuta transfoma ndogo ya 240 kwenda 12, ampea 1. Upande wa 240 unaingia kwenye stima, upande wa 12 unaungwa mfululizo na ile 110 kwa mwelekeo wa kupingana. Utapata 98. Ukigeuza waya utapata 122, kwa hiyo pima kabla amplifaya haijachomekwa. Njia nyingine ni kumpelekea fundi wa kusuka mota asuke koili ya 100 moja kwa moja. Hii naipenda zaidi, maana viungo ni vichache.

Mbele ya yote weka kile kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha stima baada ya kupotea. Stima ya Nairobi ikirudi, dakika za kwanza ndizo mbaya.

Reli_ya_Syokimau
Boksi la transfoma limesahaulika. Lina sauti nzuri amplifaya ya spika ikiwa nzuri, ila besi nzito kwa sauti kubwa inashibisha chuma cha transfoma. Halafu pima kama hasi za chaneli mbili zimeungana ndani ya boksi. Zikiwa zimeungana na amplifaya yako ni ya aina ya daraja (hasi zake za spika haziko kwenye ardhi), utaiunguza. Boksi lenye bayasi (volti ya kudumu inayochaji hedifoni) ya stima la Japani nalo linadai 100 ile ile. Silishauri kwako.

Omu_na_Volti
Kwa fundi wako, haya ndiyo ya T1:

Chomoa, subiri, kisha mwaga kapasita kubwa kwa rezista ya kilo-omu 10, wati 10, yenye waya uliofunikwa. Usitumie bisibisi. Pima, chini ya volti 10 ndipo mkono uingie. Kikata umeme cha nyumbani hakikuokoi hapa, kwa sababu mkondo unaorudi kwenye transfoma ya ndani hakiuoni.

Rezista nne za anodi zinatoka, zinaingia IXYS 10M90S nne, ambazo ndizo vyanzo vya mkondo thabiti. Kila moja ijaribiwe nje kwanza kwenye volti ndogo, rezista ya omu 100 ikiwa mfululizo: volti 0.5 ni miliampea 5. Kila moja itatoa joto la wati 1.6 hivi, kwa hiyo inahitaji bati la kupozea. Mgongo wake wa chuma una volti za laini, basi weka maika au kauri katikati kuzuia umeme usifike kwenye bati, na upime kwa omu kabla ya kuwasha. Kila waya wa mawimbi unaokwenda kwenye soketi upate rezista ya kilo-omu 5.1: waya zikigusana, mkondo unabanwa, na sauti za juu haziguswi.

Washa dakika 30 kifuniko kikiwa kimewekwa, kisha rekebisha trima (rezista ndogo za kuzungushwa) kwa bisibisi ya plastiki: kati ya chanya na hasi za chaneli, halafu kila moja dhidi ya ardhi. Rudia mpaka zote ziwe ndani ya volti 5.

Dada_wa_Koili
Ongeza hili la bayasi, maana mafundi hubadilisha visivyoharibika. Bayasi ya Pro (aina inayotumiwa na SR-007) ni volti 580 kupitia rezista ya megaomu 4.7 au karibu na hapo. Multimita ya kawaida ina megaomu 10, kwa hiyo kwenye soketi itasoma takriban 395 na fundi atasema imekufa. Apime kabla ya rezista ile. Iwapo huko nako inasoma chini ya 550, atazame kapasita na dayodi za kuzidisha volti.

Mteja_Ngara
Asanteni. Naagiza T1. Valvu zake ni 6FQ7. 6CG7 inaingia bila mabadiliko?

Omu_na_Volti
Inaingia, ni valvu ile ile kiumeme. Agiza jozi iliyopimwa, na uzirekebishe trima upya baada ya kuziweka.