Wazao wa Sultani: wakitaka kurudi Unguja, tuwakatalie kwa lipi?

Mpita Forodhani: Jamshid bin Abdullah, Sultani wa mwisho wa Zanzibar, kafariki Oman tarehe 30 Desemba 2024 akiwa na miaka 95. Alipinduliwa Januari 1964, akakaa Uingereza mpaka Oman ilipomkubalia kuingia mwaka 2020. Sasa wadau, wanawe na wajukuu wakitaka kuja kuishi Zanzibar kama mimi na wewe, tuwakatalie kwa lipi?

Mjukuu wa Ng'ambo: Kwa lipi? Babu yangu alikuwa mchukuzi bandarini. Wao wamepanda meli yao wakenda zao, mwenyewe akala raha London, sisi tukabaki kupanga foleni za mchele. Leo unatuletea huruma.

Bi Kiponda: London ya wapi, mwanangu? Kakaa Portsmouth, nyumba ya kawaida tu. Na hizo foleni zilikuwa za miaka ya sabini, Sultani keshaondoka zamani. Mie nilipanga, wewe umehadithiwa.

Mjukuu wa Ng'ambo: Bibi, heshima yako, ila usinifunze njaa ya kwetu.

Kaptula: Ukoo wenyewe kwa kukimbia una uzoefu. Khalid bin Barghash, 1896, vita na Waingereza dakika 38, kahawa haijapoa kaingia kwa balozi wa Mjerumani! Akaja kufia Shelisheli.

Mvita Damu: Khalid hakufia Shelisheli. Waingereza walimkamata Dar es Salaam 1916, wakampeleka Shelisheli na kisiwa cha Mtakatifu Helena, kisha wakamwachia. Amekufa hapa Mombasa, 1927.

Kaptula: Mtakatifu Helena alifungwa Napoleon, mzee. Unachanganya mafaili.

Mvita Damu: Kwani kisiwa kilijengwa chumba kimoja?

Kaptula: Na mtu wa Mombasa Unguja inakuhusu nini?

Mvita Damu: Wauliza? Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea Fort Jesus mpaka 1963. Oktoba mwaka huo Jamshid akakubali kuiachia Kenya ukanda wa pwani, maili kumi. Januari apinduliwa, aja na meli yake kuomba kushuka Mombasa, akatazwa! Miezi mitatu tu. Ikabidi aende Dar.

Mjukuu wa Ng'ambo: Safi sana Kenya.

Mvita Damu: Safi nini? Mgeni yuko mlangoni, wewe wapiga makofi?

Mpita Forodhani: Jamani, swali langu ni la wajukuu.

Bi Kiponda: Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, kaja 1885 na manowari za Kijerumani kudai urithi kwa kaka yake, Sultani Barghash. Karudi mikono mitupu.

Kaptula: Si ndiyo hapo! Wenyewe kwa wenyewe hawakupeana, leo sisi tuwape majumba?

Mpita Forodhani: Majumba kayataja nani? Nimesema kuishi.

Kaptula: Yataanza na kuishi. Kesho Beit el-Sahel, kasri lao la zamani, si makumbusho tena, ni kwa babu.

Bi Kiponda: Na Beit el-Ajaib, Jumba la Maajabu, wapewe? Upande mzima umeporomoka Desemba 2020, watu wakafa. Anayelitaka aje na saruji yake.

Mjukuu wa Ng'ambo: Basi waje. Ila boti walipe bei ya mgeni, kwa dola. Bei ya mkaazi mpaka kitambulisho, na kitambulisho mpaka sheha, mkuu wa mtaa, awajue.

Kaptula: Sheha mwenyewe mimi hanijui, mwaka wa tatu huu.

Bi Kiponda: Wewe anakujua, ndiyo maana.

Kaptula: Bibi, mimi na wewe tumegombana lini?