Fundi elektroniki wa Mtwara anauliza kuhusu kazi Ujerumani

Shikamooni kaka na dada zangu. Nipo Mtwara mjini, Chikongola, natengeneza redio, TV na inverta za sola, mwaka wa tano sasa. Nina cheti cha ufundi cha VETA. Wenzangu wanasema Ujerumani wanatafuta mafundi wa kazi yetu. Ni kweli? Nianzie wapi?

*

Marahaba mdogo wangu. Wanatafuta kweli, ila kazi yenyewe si hiyo unayoifanya mezani kwako. Mimi nililijua hilo nikiwa nimeshafika, likanila mwaka mzima.

Huku ni wachache wanaoleta TV ibadilishwe kapasita. Fundi elektroniki yuko kiwandani: anapima bodi, anatafuta hitilafu kwenye mitambo inayojiendesha, anabadilisha sensa, kisha anaandika alichokikuta na alichokifanya. Kuandika huko ni kwa Kijerumani, kila siku. Kwa hiyo lugha uianze leo, hapo hapo Chikongola, usingoje viza.

Mkono wako hautapotea. Mimi nilijifunza kazi Mikindani, kwenye bodi zilizoliwa na chumvi ya bahari, mchoro hakuna, spea hakuna, unafuata njia ya umeme kwa mita mpaka uone ulipokatikia. Siku ya majaribio huku Ujerumani nilipewa bodi mbovu, nikaifuata hivyo hivyo na hitilafu nikaiona. Nilipoanza kuchomea ndipo nikakwama. Waya wa kuchomea wa nyumbani una madini ya risasi, unayeyuka kwenye nyuzi 183. Umoja wa Ulaya ulizuia risasi kwenye vifaa vingi vya elektroniki mwaka 2006, na waya unaotumika sana sasa unaanza kuyeyuka kwenye nyuzi kama 217. Ukichomea kwa joto ulilozoea, kiungo kinashika juu juu tu.

Jambo jingine, moshi. Nyumbani tunauinamia pua wazi, na ule moshi wa dawa ya kuchomea unaweza kukuletea pumu. Huku kila meza ina bomba la kuufyonza. Na hakuna kugusa umeme ukiwa hai kwa kujiamini. Unazima, unafunga swichi kwa kufuli, unapima kuhakikisha hakuna umeme, unaunganisha na ardhi, unaziba sehemu za jirani zenye umeme. Ukiruka hatua unasimamishwa. Mwanzoni niliona wananichelewesha. Kisha nikamkumbuka fundi mwenzetu aliyerushwa na umeme Mikindani, mkono wake haukurudi kama zamani. Tafadhali anza hatua hizo hapo ulipo, usisubiri Ulaya.

Sasa karatasi. Sifa za fani kama yetu hupimwa na IHK FOSA, ofisi ya kulinganisha vyeti vya nje na vya Kijerumani, iko Nürnberg. Wanalinganisha mafunzo yako na ya kwao, na kwao Elektroniker, yaani fundi elektroniki, anasoma miaka mitatu na nusu, huku akifanya kazi. Cheti cha VETA mara nyingi hakijazi muda huo, hivyo usishtuke ukipewa utambuzi wa sehemu. Pengo linaweza kuzibwa kwa mafunzo ya ziada au uzoefu wa kazi. Ada ni kati ya euro 100 na 600, tafsiri za vyeti ni juu yako. Mimi nilikuwa na miaka sita ya kazi bila hata barua moja. Fundi mkuu wangu alikuwa ameshafariki. Miaka ile haikuhesabiwa. Mwombe wako akuandikie: tarehe ulipoanza, vifaa ulivyotengeneza, vipimo ulivyotumia, sahihi na mhuri.

Malipo yanategemea mwajiri. Viwanda vya magharibi mwa Ujerumani vilivyo chini ya mkataba wa IG Metall, chama cha wafanyakazi wa viwandani, vinafanya saa 35 kwa wiki, lakini karakana ndogo nyingi haziko humo. Na usihesabu mshahara kabla ya makato. Ukiwa huna mke wala mtoto, zaidi ya theluthi inaweza kwenda kwenye kodi na bima.

*

Naongezea kutoka Muscat, mimi mtu wa Lindi. Mdogo wetu, akikujia wakala, kabla ya kutoa hata shilingi uliza TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, kama amesajiliwa. Wangu alinipeleka kwa mkataba wa fundi wa kamera za ulinzi, nikakuta kazi ni kupanda ngazi na kuvuta waya juani. Tangu Januari 2021 Oman, mkataba ukiisha huhitaji tena ridhaa ya mwajiri ili uhamie kwa mwingine, na ndiyo iliyoniokoa. Ila lazima umalize ule wa kwanza, kwa hiyo usome kabla ya kutia sahihi, cheo na kazi zote ziwe zimeandikwa.

*

Ahsanteni sana. Kesho asubuhi naenda kwa fundi mkuu kuomba hiyo barua. Afadhali sasa, maana msimu wa korosho ukifunguka watu wanaleta redio na TV mpaka barazani, na hapo hatapata hata dakika ya kushika kalamu. Dada wa Ujerumani, ile hatua ya kuunganisha na ardhi, kwenye inverta ya sola naifanyaje ikiwa betri bado zimeunganishwa?